Shukrani ya Mshindi

Didas alipoanza kulia machozi ya kweli mbele ya madhabahu, Genoveva alijua kwamba asipotoka nje atatapika.

Maana angekuwa anaigiza ingekuwa nafuu. Mtu ungesema basi, huyu ni msanii, tumwache na usanii wake. Lakini Didas alikuwa analia kwelikweli, kidevu kinamcheza, kamasi jembamba linamchungulia puani, mkono mmoja umeshika maiki na mwingine umelikumbatia kombe kama mtoto mchanga. Tena akiwa na uzuri ule ule uliomkosesha Genoveva usingizi mwaka mzima: shingo ndefu, mabega ya mkimbiaji, sauti nzito ambayo ikisema tu "habari ya asubuhi" msichana wa watu anasahau alikokuwa anakwenda. Leo sauti hiyo hiyo ilimwingia Genoveva masikioni kama maji machafu.

"Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe!"

"Ameni!"

"Watu waliniambia, Didas, chagua moja. Ama ukimbie, ama uhubiri. Hata chuoni kuna waliocheka, wakasema mhubiri gani huyu anazunguka na bukta. Nikamwambia Bwana, kama wito huu ni wako na miguu hii ni yako, nipe ushindi, na mimi nitalitangaza jina lako kwenye kila kiwanja. Wapendwa, Bwana amejibu, hajajibu?"

"Amejibu!"

Amejibu, nyoo! Genoveva alijisemea moyoni, kisha akaogopa, maana alikuwa ndani ya nyumba ya Mungu.

Kanisa la kina Didas pale Gehandu lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Ndugu zake walikuwa wametoka Masakta na vijiji vya jirani kuja kwenye ibada ya shukrani ya kijana wao, mshindi wa mbio za nyika za vyuo vya ualimu, ambaye wiki ijayo angepanda basi kwenda kambini Arusha na huko angekimbia mbele ya watu wakubwa. Na kwenye benchi la mbele kabisa, kofia magotini, alikaa Mzee Tadeo, baba yake Genoveva, Mkatoliki wa Nambis ambaye tangu azaliwe hajawahi kukanyaga kanisa la walokole.

Kumfikisha mzee huyo kwenye benchi lile kulimgharimu Genoveva mwaka mzima wa machozi. "Mimi nimebatizwa Katoliki, mama yako tumemzika Katoliki," Mzee Tadeo alikuwa akisema, "halafu wewe uende ukaolewe na mhubiri wa mbio mbio? Huyo kijana mbona ana haraka sana?" Genoveva akalia, akasusa kula, akamtuma shangazi Kornelia akamwombee kwa baba. Hatimaye mzee akalainika. Leo alikuwa amekuja na koti lake jeusi na kondoo mnono, na baada ya chakula angesimama mbele ya watu kutoa neno la kuikubali posa. Na kwa wazee wa kwao, neno likishatoka mbele za watu limetoka. Halirudi.

Sasa sikia kilichokuwa kinamchefua binti wa watu.

Jumamosi ya juma lililopita, siku ya mbio, wakimbiaji waliondoka uwanja wa chuo, wakateremka kwenye barabara inayopita kati ya mashamba ya alizeti, wakaenda kuzunguka kisima cha maji na kurudi. Pale kisimani ndipo kwenye kona, na kwenye kona alisimama Genoveva na kalamu ya maka nyekundu. Mkimbiaji akifika ananyoosha mkono, anachorwa alama juu ya kiganja, anaendelea. Asiye na alama hahesabiki. Na ili watu wasijichore wenyewe, alama hubuniwa asubuhi ile ile, na wanaoijua ni mwalimu wa michezo na mchoraji wake, basi.

Mapenzi bwana! Asubuhi hiyo, baada ya maombi ya vijana, Didas alimshika Genoveva mkono wakiwa nyuma ya bweni, akamtazama kwa yale macho yake, akamwambia, "Nichore mimi wa kwanza, Veva. Kwa kidole tu, bila wino. Iwe baraka yangu njiani." Genoveva akacheka, akamchora kiganjani kwa ncha ya kidole: duara, na ndani yake msalaba mdogo. Akamchora taratibu sana, maana hakutaka kuuachia ule mkono.

Aliyefika kisimani wa kwanza alikuwa Bura, mtoto wa wafugaji wa tambarare za Hanang, kijana mpole wa darasa lao. Alikuwa peke yake. "Niko wa ngapi?" aliuliza akihema. "Wa kwanza," Genoveva alimwambia, na Bura akacheka kicheko cha mshangao na kuondoka. Wakaja wengine. Wakaja wengine tena. Didas hakuja.

Genoveva alidhani mpenzi wake ameanguka. Alipomaliza kumchora wa mwisho, alikimbia barabara nzima kurudi akimtafuta mitaroni, akiomba kwa sauti, "Baba Mungu, kama ni mguu, uchukue wangu, wake uuache." Alipofika uwanjani akamkuta Didas amebebwa juu juu, watu wanaimba, juu ya kiganja chake kuna duara jekundu lenye msalaba, na soksi zake zimejaa vumbi la njano la maua ya alizeti. Pembeni Bura alikuwa anakitazama kiganja chake mwenyewe, lakini kwa upole wake hakubishana na mtu mwenye alama. Macho yao yakakutana. Didas akamtabasamia. Lilikuwa tabasamu la mtu anayejua kwamba anapendwa, na kwamba anayempenda hatasema.

Na kweli hakusema. Mwalimu wa michezo, Mwalimu Kissa, mama mmoja mkali kutoka Mbeya, alimwuliza tu, "Kazi imekwenda vizuri pale kwenye kona?" Genoveva akajibu, "Ndiyo, mwalimu." Wiki nzima alikuwa anamsubiri Didas aende mwenyewe akaseme. Badala yake, Didas alileta kadi za mwaliko wa shukrani.

"Na wapendwa," Didas alikuwa anaendelea pale mbele, akijifuta macho kwa kiwiko, "msidhani naongea maneno matupu. Shahidi yupo humu ndani! Genoveva, mpenzi wangu katika Bwana, hebu simama."

Shangazi Kornelia akamfinya paja, "Simama, mwanangu, unaitwa."

Akasimama.

"Huyu ndiye aliyekuwa kwenye kona," Didas akasema. "Huyu kwa mkono wake ndiye aliyenichora alama, na aliponichora akaniambia, 'Kimbia Didas, Bwana yuko mbele yako.' Nikaongezewa nguvu hapo hapo. Kweli, si kweli, Veva?"

Mungu wangu. Mpaka maneno alikuwa amemtungia! Kanisa zima likageuka kumtazama. Mama yake Didas alikuwa anatabasamu na machozi. Mzee Tadeo naye aligeuka, na machoni mwake mlikuwa na kitu ambacho Genoveva alikuwa hajakiona tangu mama yake afariki: fahari.

"Bwana Yesu asifiwe," Genoveva akasema.

"Ameni!"

"Nilikuwa kwenye kona."

Alitaka kuongeza, lakini akakaa. Watu wakadhani Roho amemgusa, vigelegele vikapasua bati. Genoveva alijifunika uso kwa kitenge, na humo ndani ya giza la kitenge akajichukia kuliko anavyomchukia panya. Hajasema uongo, hajasema kweli. Kamwachia Didas amalizie mwenyewe, na Didas si mtu wa kuachiwa nafasi.

*

Nje, chini ya turubai, supu ya mbuzi ilikuwa inagawiwa kwenye mabakuli. Upepo wa Mlima Hanang ulikuwa unapuliza baridi, na mafuta ya supu yalikuwa yanaganda juu kabla mtu hajapuliza. Genoveva alilitazama bakuli lake, akaona ule utando mweupe, akalisogeza mbali.

"Kula, mwanangu," shangazi Kornelia akamhimiza. Huyu ndiye aliyemlea tangu afiwe na mama, mwanamke mwenye mwili na maneno. "Bibi harusi gani anakonda kabla ya harusi? Mtazame mwenzako anavyokula."

Genoveva akamtazama mwenzake. Didas alikuwa meza kuu na kichwa cha mbuzi mbele yake, heshima ya mshindi. Alikuwa amepasua taya, anachokoa ulimi kwa vidole, anatafuna huku akihubiri, midomo inang'aa mafuta. "Utukufu kwa Yesu," akasema, akalamba kidole gumba, akameza. Mwezi uliopita tu Genoveva angeona ni kijana anayekula vizuri. Angetamani amkarangie. Leo hata lile koo lake lilivyokuwa linapanda na kushuka lilimtia karaha.

Akainuka. Alipopita nyuma ya meza kuu akasema kwa sauti ya chini, "Didas, njoo nyuma ya jiko. Sasa hivi."

Didas akatabasamu kwa wageni, akawaambia, "Naitwa na waziri wa nyumbani," watu wakacheka, akamfuata.

Nyuma ya jiko palikuwa na lundo la magunzi na ndoo za maganda ya viazi. Didas alifika akinyoosha mikono. "Veva wangu. Umependeza mpaka nimesahau mistari yangu pale mbele."

"Usinishike."

"Kuna nini?"

"Hukupita kwenye kona."

Basi, neno likawa limetoka. Didas alitazama kulia, akatazama kushoto, na Genoveva aliliona hilo, kwamba kitu cha kwanza alichofanya ni kuangalia kama kuna mtu.

"Umemwambia nani?"

"Hukupita, Didas."

Akashusha pumzi, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, uso ukawa wa unyenyekevu. "Sikupita. Nilijua utaniuliza, nikawa nasubiri uniulize. Mguu ulikaza, Veva. Pale kwenye mteremko, nyuma ya goti. Bura akanipita, akapotea. Nikaona njia ndogo inayokata katikati ya alizeti, na nikasikia sauti moyoni ikiniambia, pita hapa."

"Sauti ya nani?"

"Wakati ule... nilidhani ni ya Bwana."

"Mungu akuambie upite shamba la watu?" Genoveva alitaka kucheka, kicheko kikagoma. "Haya. Na kalamu je? Kalamu nyekundu ulikuwa nayo mfukoni tangu unaondoka. Hiyo sauti ilikuambia ubebe kalamu kabla mguu haujakaza?"

Didas akanyamaza.

Jamani, kuna kunyamaza na kunyamaza. Mpaka dakika ile, mahali fulani ndani ya moyo wa Genoveva bado palikuwa na wakili anayemtetea Didas: alishikwa na maumivu, alitetereka, ni binadamu. Wakili huyo akafunga mkoba wake akaondoka.

"Kwa hiyo asubuhi ile," Genoveva akasema polepole, "uliponiomba nikuchore kiganjani. Ulikuwa unanipenda, au ulikuwa unaisoma alama?"

Didas aliinua macho. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na sauti ya mhubiri. "Vyote viwili, Veva," akasema.

Genoveva akajipangusa kidole kwenye kitenge. Hakujua kwamba anajipangusa. Alikisugua kile kidole kilichochora duara mpaka kikauma.

"Nisikilize," Didas akasimama. "Nimeshatubu. Jumamosi ile ile nilipiga magoti, nikalia, nikasikia amani. Yamekwisha. Damu ya Yesu imefuta."

"Na Bura umemwambia?"

"Bura wa nini tena?"

"Bura aliyekushinda! Bura anayetakiwa kwenda Arusha!"

"Shhh, punguza sauti." Akasogea karibu, na Genoveva akasikia harufu ya mafuta ya mbuzi iliyochanganyika na ile ya marashi aliyomnunulia yeye mwenyewe siku ya kuzaliwa. "Veva, fikiria kwa akili. Bura anasali wapi? Kwao bado wanatambika. Lile kombe angelifanyia nini? Angeliweka juu ya kabati, basi. Mimi nikisimama nalo watu wanaokoka. Leo wameokoka watatu, umewaona kwa macho yako. Mtu anayeshinda ndiye anayesikilizwa. Nikifika Arusha, nikijulikana, utashangaa huduma itakavyokua. Halafu siku moja, Mungu akiniongoza, nitakuja kusema yote. Iwe ushuhuda."

"Yaani hata wizi wako umeshaupangia ibada."

"Usiseme wizi."

"Niseme nini? Upako?"

"Ukinianika mimi, Veva, unaianika injili. Watu watasema walokole waongo. Unataka hilo? Wewe mwenye wito?"

Hapo ndipo alipokosea njia. Maana wito wa Genoveva haukuwa wa kuchezewa. Tangu kidato cha pili, akiwafundisha watoto katekisimu pale Nambis, alijua kuna mkono umemshika bega. Na tangu siku hizo hizo alikuwa anakimbia, anawaacha wavulana nyuma kwenye milima ya Mbulu, na hakuwahi kuona kwamba mambo hayo mawili yanagombana. Mwaka wa kwanza chuoni alikuwa wa kwanza kwa wasichana. Kisha akaja Didas na maombi yake na macho yake, akamwambia kwa upole kwamba mke mtarajiwa wa mtumishi hawezi kuonekana mapaja nje kiwanjani, achague. Genoveva akachagua. Ndiyo maana akawa mtu wa kusimama kwenye kona na kalamu.

"Mwaka jana uliniambia wito na mbio havikai nyumba moja," akasema. "Nikaacha. Nilimwuliza Mungu wiki ngapi kama ni kweli anataka niache, hakunijibu kitu. Aliyenijibu ulikuwa wewe. Halafu wewe mwenyewe ukaendelea kukimbia, tena ukaja kukimbia namna hii! Nilikupa mbio zangu, Didas. Ukaenda ukazitupa kwenye alizeti."

Machozi yakamtoka sasa, na Didas, akidhani machozi ya mwanamke ni mlango unaofunguka, akamshika mikono yote miwili. Ile mikono! Ndiyo mikono aliyoiota usiku na mchana, na sasa ilikuwa ya moto, laini, inateleza kwa mafuta. Genoveva akaikwanyua yake kama mtu aliyeshika konokono.

"Nenda kamwambie Mwalimu Kissa mwenyewe. Leo. Mpigie mbele yangu. Ukifanya hivyo nitasimama na wewe hata kijiji kizima kikikutemea mate. Naapa."

Alikuwa anasema kweli, na hilo Didas alipaswa kulijua. Mlango wa mwisho ulikuwa huo, umeachwa wazi kabisa.

"Siwezi," Didas akasema. "Na wewe huwezi. Unanipenda."

Kabla hajamjibu, shangazi Kornelia akatokea kwenye kona ya jiko, anahema. "Veva! Baba yako ameshapewa maiki na nyie mko kwenye maganda? Mmegombana? Gombaneni kesho, leo ni siku ya watu."

Didas akajipangusa mdomo, akalinyoosha shati lake kwa mkono, akaondoka na tabasamu limesharudi mahali pake. Genoveva akamshika shangazi yake kiwiko.

"Shangazi, hakushinda. Alikatiza shambani, akajichora mwenyewe. Mimi sikumwona kwenye kona."

Shangazi Kornelia akatazama nyuma yake. Kisha akauliza, "Nani mwingine anajua?"

Hata wewe, Genoveva akawaza.

"Basi hujui kitu," shangazi akasema kwa haraka, akimfuta machozi kwa ncha ya khanga kwa nguvu, kama anamsafisha mtoto tope. "Unanisikia? Ndoa ni kufunikiana. Kuna mume gani hana lake? Wako kapita shambani, wenzio wanapita nyumba za watu. Baba yako amekuja mpaka hapa, mzee wa watu, ameacha misa yake ya Jumapili kwa ajili yako! Umwambie nini? Umvue nguo mbele ya walokole?"

Na hilo ndilo lililouma. Baba yake alikataa tangu mwanzo, na Genoveva ndiye aliyemburuta mpaka pale. Kusema kweli leo ni kumwambia mzee mbele ya kadamnasi kwamba alikuwa sahihi, na binti yake mjinga. Kunyamaza ni kuingia kitanda kimoja na yale mafuta, kila usiku, mpaka kifo kiwatenganishe.

Akatembea kuelekea kwenye turubai.

"Mimi ni mtu wa Nambis," Mzee Tadeo alikuwa anasema, maiki ameishika mbali kidogo kama inauma. "Sijui kuongea sana. Huyu kijana alipoleta watu wake nyumbani, nilikataa. Nilisema mtu hawezi kumtumikia Mungu huku anakimbizana na makombe. Lakini leo nimemsikia, nimeona machozi yake, na binti yangu amesimama kumshuhudia. Na binti yangu hasemi uongo. Kwa hiyo mimi, mbele yenu wote, nasema kwamba..."

"Baba!"

Watu wakageuka. Binti kumkatiza baba yake akiwa katikati ya neno! Shangazi Kornelia akajishika kichwa.

"Baba, shikamoo. Nakuomba usimalize."

Mzee Tadeo akashusha maiki. "Kuna nini, mwanangu?"

"Naomba kwanza nipige simu. Nikimaliza, kama bado unataka kusema, utasema."

Kuna waliocheka, wakidhani ni utani wa maharusi. Didas hakucheka. Genoveva alikuwa ameshatoa simu kifuani, anatafuta jina, na kwa haraka akapita jina la Mwalimu Kissa, akarudi tena. Akabonyeza. Ikaanza kuita.

Hapo Didas akaanguka magotini katikati ya turubai, mikono juu, akapaza sauti:

"Wapendwa, tuombe! Adui ameingia kwenye shukrani yetu! Baba katika jina la Yesu!"

Na kwa kina Didas, mtu akianza kuomba namna hiyo hakatizwi. Aliyeshika kijiko akakiweka. Aliyekuwa na nyama mdomoni akaificha shavuni. Macho yote yakafumbwa, mikono ikainuka, na watu wote wakaanza kuomba kwa pamoja, kila mtu na yake, kwa sauti, mpaka turubai likawa linavuma. Mzee Tadeo naye, Mkatoliki mtiifu, akaona kuna sala, akafumba macho akafanya ishara ya msalaba. Waliobaki macho wazi walikuwa wawili tu. Genoveva alikuwa amesimama na simu sikioni, na Didas alikuwa amepiga magoti, anaomba huku anamtazama, na katika macho yale mazuri hakukuwa na Mungu wala mapenzi, kulikuwa na hofu ya mwizi tu.

"Haloo? Genoveva?"

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Sema."

"Mwalimu, Didas hakupita kwenye kona. Mimi sikumchora."

"Nini? Sikusikii, kuna makelele hapo."

"Funga kinywa chake, Baba!" Didas akanguruma. "Funga kila kinywa!" Na watu wakaitikia, "Ameni! Kifungwe!"

Genoveva akaziba sikio la pili, akajaza kifua hewa kama mtu anayeanza mlima.

"Nimesema Didas hakupita kwenye kona!" akapiga kelele. "Alikatiza kwenye alizeti, akajichora mwenyewe! Aliyemwonyesha alama ni mimi! Aliyeshinda ni Bura, mwalimu! Ni Bura!"

Ameni zikaanza kupungua. Mama mmoja akafumbua jicho, akamgusa mwenzake. Meza ya pili ikanyamaza, ya tatu ikafuata. Mama yake Didas akashusha mikono taratibu. Mzee Tadeo alikuwa amefumbua macho, anamtazama binti yake, na maiki imening'inia mkononi mwake. Mwisho ikabaki sauti moja tu chini ya turubai lote, ya Didas, imekwaruza, inaendelea kuomba kwa kasi bila kupumua, maana akinyamaza ingebidi asikie.

"Genoveva," Mwalimu Kissa akasema, "ni nani huyo anapiga kelele hivyo?"

"Ni Didas, mwalimu. Anaomba."

"Anaomba nini?"

Genoveva alimtazama kijana aliyempenda kuliko miguu yake mwenyewe.

"Anaomba usinisikie."

"Basi mwambie," Mwalimu Kissa akasema, "nimekusikia."